Barabara iliyonyooka si lazima iwe ya Warumi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi na familia yangu katika kijiji kidogo magharibi mwa Northamptonshire, Uingereza, maili chache kutoka Watling Street. Kamati ya ukumbi wa kijiji imeniomba niandike ukurasa mmoja juu ya historia ya barabara zetu. Mambo matatu yananitatiza. Kwanza, barabara ya kwenda kijiji jirani imenyooka kama rula na ina nyasi pana pande zote mbili. Nimehesabu hatua kama ishirini kutoka ua hadi ua. Ikifika mpakani inapinda ghafla. Wazee wa hapa wanasema ni ya Warumi. Pili, nyuma ya nyumba yetu kuna njia iliyozama kama korongo, kimo cha mtu na zaidi, inashuka hadi kwenye kijito na haionekani kwenda popote. Nimeambiwa ina miaka elfu kwa sababu ya aina za miti iliyo kwenye ua wake. Tatu, mwaka huu jirani ameweka geti na kufuli kwenye njia hiyo. Anasema haimo kwenye ramani ya haki za njia, kwa hiyo ni mali yake. Nianzie wapi, na niandike nini nisijiaibishe?"

Marahaba. Nikikusoma vizuri, cha kuandika unacho. Unachoogopa ni kuandika neno ambalo mtu atasimama ukumbini alipinge, au ambalo jirani atakugeuzia. Basi tuanze na barabara, twende kwenye korongo, tumalizie na geti. Nakuomba tangu mwanzo usichanganye umri wa njia na haki ya kuipita. Njia inaweza kuwa ya kale sana na isiwe ya umma, na nyingine inaweza kuwa ya juzi tu ikawa ya umma bila ubishi wowote.

Wazee wako hawakukosea kwamba Warumi walipenda mstari ulionyooka. Waliingia Uingereza mwaka 43, utawala wao ukakoma karibu mwaka 410, na Watling Street ni yao kweli: inatoka London, inapita Towcester, inapanda kaskazini-magharibi, na leo sehemu kubwa yake ndiyo barabara ya A5. Lakini mkoa wako ulipata kundi la pili la watu wa rula, nao wameacha mistari mingi kuliko Warumi. Hao ni makamishna wa kugawa mashamba, waliofanya kazi hasa kati ya miaka ya 1750 na 1850. Nikipewa maelezo yako peke yake, bila kuiona barabara, nitawataja hao kabla ya Warumi.

Kwa nini? Kabla ya ugawaji, kijiji cha aina yako kilikuwa na mashamba mawili au matatu makubwa ya wazi, hayana ua ndani yake. Kila mkulima alikuwa na vipande vyembamba vilivyotawanyika humo: kimoja huku, kingine kule, kingine ng'ambo ya kilima. Walilima kwa plau la kukokotwa na ng'ombe, wakigeuza udongo kuelekea katikati ya kipande, na baada ya karne kadhaa kila kipande kikawa tuta pana lenye mfereji kila upande. Njia zilipita pembeni, pale ng'ombe walipogeuzia. Ndiyo maana njia za kale za kijijini hupinda kama kiwiko bila sababu inayoonekana leo: zilikuwa zinazunguka vichwa vya mashamba ambayo hayapo tena.

Kisha wenye ardhi wakubwa wakaomba sheria Bungeni. Kwa miaka yote zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikagusa takriban ekari milioni 6.8 za England, na Northamptonshire ni miongoni mwa maeneo yaliyoguswa zaidi. Kila sheria iliteua makamishna wachache na mpimaji. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa barabara, kwa sababu huwezi kumkatia mtu kiwanja kabla hujajua ataingilia wapi. Walichora mstari ulionyooka juu ya mashamba ya wazi, wakaweka upana, ndipo wakagawa ardhi iliyobaki, na kila aliyepewa sehemu akaamriwa kuchimba mtaro na kupanda ua wa miba ndani ya muda maalumu.

Upana ule una sababu ya kawaida kabisa: matope. Barabara haikuwa na msingi wa mawe kutoka ua hadi ua. Mkokoteni ukikuta mahali pamechimbika, ulihitaji nafasi ya kupita pembeni, na mifugo iliyokuwa inaswagwa ilihitaji pa kula njiani. Makamishna wengi waliandika futi 60 au 40. Sheria ya jumla ya 1801 ikasema barabara ya umma ya magari ya farasi isipungue futi 30. Baadaye mawe yalimwagwa katikati tu, na lami ilipokuja ikafuata mawe. Nyasi unazoziona pembeni ni ile sehemu ya barabara ambayo haikupata mawe wala lami. Ni barabara, si shamba la mtu, ingawa baadhi ya majirani hupanda maua na kuweka mawe meupe hapo kana kwamba ni uani kwao.

Na ile kona ya mpakani? Kila parokia, yaani eneo la kijiji na kanisa lake, ilikuwa na sheria yake, makamishna wake na mwaka wake. Wa kwenu walinyoosha barabara hadi mpakani wakaishia hapo, kwa kuwa ng'ambo hawakuwa na mamlaka. Wa kijiji jirani walikuja miaka mingi kabla au baadaye, wakachora mstari wao kutoka kwenye kitovu cha kijiji chao. Mistari miwili haikukutana sawasawa, ikabidi iunganishwe kwa kiwiko. Barabara ya Warumi mara nyingi hufanya kinyume: mpaka ndio unaoifuata. Watling Street yenyewe ni mpaka wa Leicestershire na Warwickshire kwa maili nyingi, kwa kuwa ilikuwepo tayari watu walipokuja kugawana nchi.

Usiniamini kwa maneno. Pima. Hatua ishirini za mtu mzima ni kama mita 15 hadi 18, na hiyo haitoshi kuamua. Chukua utepe wa mita 30 na mtu wa kukushikia, mvae vizibao vinavyong'aa kwa usalama, kisha pimeni mahali patano, mkiacha mita 50 kati ya kila mahali na panapofuata. Pima kutoka shina hadi shina la ua, si kutoka jani hadi jani, kwa sababu ua wa miaka mia mbili hunenepa na kuingia barabarani mita moja au zaidi. Acha sehemu zilizo karibu na nyumba na mageti, kwani hapo watu wamekuwa wakisogeza mipaka tangu zamani. Futi 60 ni mita 18.3, futi 40 ni mita 12.2, futi 30 ni mita 9.1. Vipimo vikirudi karibu na namba mojawapo mahali pote patano, umepata saini ya mpimaji. Vikipanda na kushuka ovyo, barabara huenda ni ya zamani zaidi na haikuchorwa na mtu.

Kipimo cha pili mimi nakipenda kuliko hicho, na hakihitaji hata kutoka nyumbani. Environment Agency, idara ya serikali ya mazingira, hutoa bure vipimo vya LiDAR, yaani picha za sura ya ardhi zilizopimwa kwa leza kutoka kwenye ndege, na kwa England unapata undani wa mita moja. Fungua eneo la barabara yako utafute yale matuta ya plau. Yakifika barabarani upande mmoja, yakakatwa, kisha yakaendelea upande wa pili kwenye mstari uleule, barabara imepasua shamba lililokuwa tayari linalimwa. Ni changa kuliko matuta, na matuta yenyewe yalikuja baada ya Warumi, kwa hiyo Warumi hawamo. Lakini yakipinda na kuishia kabla ya barabara pande zote mbili, kana kwamba ng'ombe walikuwa wanaiheshimu, basi barabara ilikuwepo wakati wa kulima. Palipolimwa sana kwa trekta matuta yamefutika, kwa hiyo angalia malisho, na usihitimishe kwa shamba moja.

Majina nayo yatakujaribu. Huko, jina lenye "gate" mara nyingi halina lango lolote: katika maeneo yaliyokaliwa na Wadenmaki linatokana na neno lao la barabara. "Portway" haielekei bandarini. "Port" ya zamani ilikuwa mji wa soko. Jina la kijiji linaloanza na "Stret" au "Strat" ndilo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu Waingereza wa kale waliita hivyo barabara yenye mawe, na aghalabu ilikuwa ya Warumi. Jina la Kirumi lililobandikwa na kampuni ya nyumba kwenye mtaa mpya halithibitishi kitu.

Uamuzi wenyewe, hata hivyo, uko kwenye karatasi, au tuseme kwenye ngozi. Makamishna walipomaliza waliandika hati ya ugawaji, na mara nyingi iliambatana na ramani. Hati za vijiji vyenu zitafute kwenye hifadhi ya nyaraka ya Northamptonshire iliyoko Wootton Hall Park mjini Northampton. Andika barua pepe kabla ya kwenda, taja jina la parokia, uliza kama wana hati ya ugawaji na ramani yake, na kama kuna nakala mbili, kwa sababu moja ilibaki parokiani na nyingine ilisajiliwa kwa maofisa wa kaunti. Uliza pia kama hati inaweza kupigwa picha na ada yake ni kiasi gani. Siku ya kwenda beba penseli na kitambulisho. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka.

Hati inaweza kuwa na kurasa nyingi kubwa za mwandiko uliobanana, bila nukta wala aya. Usikate tamaa, huhitaji kuisoma yote. Sehemu ya barabara huja mapema, kwa sababu ile niliyoitaja: barabara zilitangulia. Tafuta barabara za umma za magari, kisha za farasi, kisha za miguu, mwishoni za binafsi. Kila moja ina jina, upana kwa futi, inakotoka, kwenye ardhi ya nani inapita na inakoelekea. Nakili maneno yote kama yalivyo, hata tahajia isiyo ya kawaida. Kuna kifungu kimoja ambacho watu hukiruka, kinachosema barabara itapita katika mkondo wake wa kale au karibu nao. Ukikikuta, sentensi yako inabadilika. Barabara ilikuwepo kabla, makamishna waliinyoosha na kuipanua tu, na mwaka wa hati si mwaka wa kuzaliwa kwake. Kosa la kawaida katika vipeperushi vya historia ya vijiji ni kuandika "ilijengwa mwaka fulani" pale ambapo hati inasema "imethibitishwa".

Barabara iliyowahi kutozwa ushuru ni habari nyingine, nayo nitaipita haraka. Bunge liliruhusu malango ya ushuru kwa mara ya kwanza mwaka 1663, Watling Street ya pande zenu ikaingia katika mpango huo mapema karne ya 18, na bodi ya mwisho ya barabara za ushuru ikafungwa mwaka 1895. Alama zake ni nguzo za maili na nyumba ndogo za watoza ushuru zenye dirisha la kutazama pande zote za barabara. Barabara ya kwenda kijiji jirani tu, isiyo na nguzo hata moja, pengine haikuwahi kutozwa chochote.

Sasa korongo. Hapa ndipo ningekaa zaidi kama ningekuwa naandika ukurasa wako.

Hakuna aliyelichimba. Njia ya udongo kwenye mteremko hujichimba yenyewe. Kwato na magurudumu huvunja uso wa udongo, mvua huubeba kushuka, na njia ikishakuwa chini kidogo kuliko shamba la pembeni inageuka mfereji, maji ya shamba yanaingia humo, na kila msimu inaondoka na tabaka jingine. Lias, yaani tabaka la miamba lililo chini ya Northamptonshire magharibi, ni udongo wa mfinyanzi na mawe laini ya rangi ya kutu, nayo yanaliwa kirahisi. Kina kwa hiyo kinakuambia kwamba njia ilitumika sana, kwa mizigo, kwenye mteremko, bila kutiwa mawe. Hakikuambii ni miaka mingapi. Mteremko mkali wenye mikokoteni ya mawe unaweza kuchimbika ndani ya vizazi vichache, na njia tambarare ya miaka elfu inaweza kubaki juu.

Hesabu ya miti ina asili inayojulikana. Miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea Max Hooper alipendekeza kwamba katika kipande cha yadi 30 cha ua, kila aina ya mti au kichaka inawakilisha takriban karne moja. Ilipendwa sana kwa sababu ni rahisi, na wikendi za Waingereza zilijaa watu wanaohesabu majani. Lakini nyua nyingine zilipandwa zikiwa na mchanganyiko tangu siku ya kwanza, nyingine zilikuwa msitu uliobakizwa, na udongo wa mahali hubadilisha kila kitu. Ua wa miba ya aina moja kando ya barabara iliyonyooka unalingana na ugawaji. Hapo hesabu inasaidia kidogo. Lakini aina kumi kwenye ua wa korongo hazimaanishi kwamba ni wa mwaka 1000. Andika kwamba ua una aina nyingi na unaonekana wa zamani, uishie hapo.

La kufanya ni kutafuta ncha. Njia haiishii hewani. Watu hawakupitisha mikokoteni mahali kwa karne kadhaa ili watazame kijito. Ng'ambo ya maji kuna kitu, au kilikuwepo: kinu cha kusaga, malisho ya pamoja ya majani makavu, machimbo, au kijiji kilichokufa. Northamptonshire ina vijiji vingi vilivyohamwa, na jihadhari na maelezo ya haraka kwamba tauni ya 1348 hadi 1349 iliviua vyote. Vingi vilidhoofika polepole, kisha katika karne za 15 na 16 wenye ardhi wakageuza mashamba kuwa malisho ya kondoo na watu wakaondoka. Hasira za jambo hilo zililipuka mkoani mwenu mwaka 1607, wakulima wakaangusha nyua, wakauawa huko Newton karibu na Kettering.

Weka rula juu ya korongo kwenye ramani uendeleze mstari pande zote mbili. Tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti ina ramani za Ordnance Survey, wapimaji ramani wa serikali, za karne ya 19, zikiwemo za England, na unaweza kuzitandika juu ya picha ya setilaiti. Anza na ile ya inchi 25 kwa maili, inayoonyesha kila ua na kila kisima. Rudi nyuma kwenye ramani ya kaunti ya Bryant ya 1827 na ya Jefferys ya 1779. Hizo hazina usahihi wa leo, ila zikionyesha korongo lako likiunganisha kijiji na kijiji, umepata jambo kubwa. Ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836 ni hazina mahali pengine, lakini kwenu ni chache, maana parokia nyingi zilimaliza suala la zaka palepale kwenye ugawaji. Usishangae ukiambiwa haipo.

Kuna chanzo kingine ambacho mtu wa Tanga atakielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo. Sheria ya mwaka 1555 iliwapa parokia mzigo wa barabara zake: kila kaya itoe siku nne kwa mwaka za kazi bila malipo, na mwenye ardhi kubwa alete mkokoteni, wanyama na watu wawili. Mwaka 1563 siku zikawa sita. Ulikuwa msaragambo wa lazima, wenye faini, uliosimamiwa na msimamizi wa barabara ambaye naye hakulipwa na aghalabu hakuutaka wadhifa huo. Ulidumu hadi 1835. Wasimamizi wale waliandika hesabu: mizigo ya mawe iliyomwagwa, mahali ilipomwagwa, aliyefika na aliyetega. Hesabu za parokia yako zikiwa zimesalia hapo hifadhini, tafuta jina la korongo humo. Mizigo ya mawe ikimwagwa na parokia kwenye njia fulani, parokia iliiona kuwa ni ya umma, kwani hakuna aliyebeba mawe ya bure kwa njia ya mtu binafsi. Tahadhari moja tu: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1740 kwenye daftari ni Februari 1741 kwetu.

Hapo tumeshaingia kwenye geti. Jirani yako amesema kweli nusu. Ramani rasmi ya haki za njia, iliyotokana na sheria ya 1949, ni ushahidi wa mwisho kwa kile kilichomo. Kwa kisichokuwemo haisemi lolote. Njia nyingi ziliachwa miaka ya 1950 kwa uzembe, au kwa sababu kila mtu aliziona ni barabara za kawaida zisizohitaji kuandikwa. Na sheria ya huko ina kanuni ya kale kwamba njia ya umma hubaki ya umma hadi ifungwe kisheria; kuota nyasi hakuifungi, wala geti haliifungi.

Kabla ya kumjibu chochote, iandikie West Northamptonshire Council, ambayo tangu Aprili 2021 imechukua kazi za kaunti upande wenu, ukiuliza maswali mawili kwa maandishi. La kwanza, njia hii imo kwenye ramani rasmi? La pili, ambalo karibu kila mtu husahau: imo kwenye orodha ya barabara zinazotunzwa kwa fedha za umma, ile inayotakiwa na kifungu cha 36 cha Sheria ya Barabara ya 1980? Njia inaweza kukosekana kwenye ya kwanza ikawa kwenye ya pili, na geti la jirani likageuka tatizo la halmashauri, si lako. Waulize pia kama wana hati za makabidhiano za wakati barabara za vijijini zilipohamia kaunti kwa sheria ya 1929.

Majibu yote mawili yakiwa hapana, rudi kwenye hati ya ugawaji. Jirani akiwa na wakili mzuri, atasema hati ilifunga njia zote za zamani ambazo haikuzitaja. Inawezekana; vifungu vingi vilisema hivyo kuhusu njia zilizopita kwenye mashamba ya wazi. Lakini korongo lako liko nyuma ya nyumba, na ardhi ya nyuma ya nyumba za kijiji mara nyingi ilikuwa na ua tangu kale, nje ya yale yaliyogawanywa. Kufunga barabara inayopita hapo kwa kawaida kulihitaji amri ya mahakimu wawili, na amri hizo zimo katika kumbukumbu za mahakama za robo mwaka, hifadhini palepale. Itafute. Ukiikuta, kesi imekwisha na jirani ameshinda. Bora uijue wewe kwanza kuliko kuisomewa mbele ya watu.

Ushahidi mwingine wenye uzito ni wa kodi ya ardhi ya 1910. Serikali ilipima thamani ya kila kipande cha nchi na kupaka rangi kila mali kwenye ramani. Barabara za umma ziliachwa bila rangi, kwa hiyo korongo likiwa jeupe katikati ya viwanja vyenye rangi, hiyo ni dalili nzuri, ingawa peke yake haitoshi. Ramani na vitabu vyake viko kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, vitabu vikiwa katika mfululizo wa IR 58. Ramani za Ordnance Survey, kwa upande wake, zinathibitisha tu kwamba njia ilionekana kwa macho. Zenyewe zimekuwa zikibeba onyo kwamba kuchorwa kwa njia si ushahidi wa haki ya kupita, na wakili wa jirani atalisoma kwa sauti.

Ukiwa na mawili matatu ya haya yanayokubaliana, una njia mbili. Unaweza kumpelekea jirani nakala kwa upole na kumwomba aweke geti lisilo na kufuli. Ni ya haraka, inalinda ujirani, lakini haibaki kwenye rekodi. Nyumba ikiuzwa mnaanza upya. Au unaweza kuiomba halmashauri ibadilishe ramani rasmi chini ya kifungu cha 53 cha sheria ya 1981. Hiyo ni ya kudumu, ila ni ya polepole: foleni huwa ndefu, jirani atapinga, na huenda mkaguzi wa serikali akaja kusikiliza. Utasikia pia habari ya tarehe ya kikomo kwa maombi ya ushahidi wa kihistoria. Iliwekwa 2026, ikasogezwa hadi 2031, na mwishoni mwa 2024 serikali ikatangaza nia ya kuifuta. Muulize ofisa hali ikoje siku unapopeleka ombi. Kama jirani anaogopa pikipiki na magari, mtoe wasiwasi: sheria ya 2006 ilizima haki nyingi za vyombo vya injini kwenye njia zisizokuwa zimeandikwa. Hata ukishinda kwa ushahidi wa mikokoteni, kwa kawaida utapata njia ya miguu, farasi na baiskeli.

Kufuli usilikate, hata kama una hakika. Na usichimbe korongoni kutafuta sarafu. Ukikutana na kitu cha thamani bila kukusudia, sheria ya 1996 inakupa siku 14 kuripoti. Mwandiko ukikushinda, mwombe mtunza nyaraka akuonyeshe mistari michache ya mwanzo, au tafuta chama cha historia cha eneo lenu, humo hakukosekani mstaafu anayesoma mwandiko wa 1770 kama gazeti. Kwa upande wa haki za njia, Open Spaces Society na Ramblers, vyama vinavyotetea njia za umma, wana watu waliozoea maombi haya. Wakili mtafute siku jirani atakapokuandikia barua ya wakili, si kabla.

Jambo moja lifanye wiki hii, kabla hata ya kushika utepe. Umma ukiitumia njia miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila nguvu, kifungu cha 31 cha sheria ya 1980 huichukulia kuwa imetolewa kwa umma, hata kama hati zote za kale zimepotea. Miaka hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku haki ilipopingwa, yaani siku lile geti lilipofungwa. Andika tarehe hiyo na upige picha ya geti na kufuli. Kisha nenda kwa wale wazee wa Warumi. Omba fomu za ushahidi wa matumizi kutoka halmashauri, mmoja mmoja ajaze yake bila kunakili ya mwenzake: alipita lini, mara ngapi, kwenda wapi, kama aliwahi kuona kibao au kuzuiwa, na achore njia kwenye ramani kwa mkono wake. Anza na aliye mkubwa zaidi kwa umri.